Baridi ya Julai, jikoni kuna kitunguu, nyanya na unga tu. Unapika nini?

Meko Sita

Wakuu, salamu. Baridi imeingia, matatu zinachelewa, na ukifika keja saa mbili usiku huna nguvu za kukuna wala kuchuja kitu. Nataka tuzungumze chakula cha kupoza roho, kinachopikika kwa vitu ambavyo mama mboga wa pale getini bado anavyo saa hiyo: vitunguu, nyanya, sukuma, hoho, dhania, viazi, mayai. Sitaki picha za mahoteli ya Westlands. Nataka kile unachokula umevaa soksi na sweta, sahani iko magotini.

Naanza mimi: ugali mayai. Chekeni tu. Ndicho chakula cha mabachela wa Nairobi kuanzia Pipeline hadi Roysambu, ila wengi wanakipika mbio mbio hadi kinaonekana adhabu.

Kata vitunguu viwili vyembamba. Mafuta kijiko kimoja kikubwa, moto wa wastani, na chumvi itangulie kidogo ili kitunguu kitoe maji. Usikiguse guse. Ngoja hadi kingo zianze kuwa za kahawia, ndipo nyanya tatu ziingie, zile laini kabisa ambazo mama mboga anakupunguzia bei kwa sababu kesho hazifiki. Funika dakika tano, funua, ponda kwa mwiko, halafu ziache zikauke mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni na sauti ya sufuria imebadilika: ule mchemko wa majimaji umekwisha, sasa inakaanga. Ukitia mayai kabla ya hapo utakunywa supu ya mayai. Mimi sipigi mayai kwa bakuli. Nayapasua moja kwa moja juu ya nyanya, natoboa kiini kwa ncha ya mwiko, naacha yashike kidogo, nageuza mara mbili tatu, nazima. Joto la sufuria linamalizia. Dhania inakuja juu wakati wa kupakua.

Hiyo rosti ya kitunguu na nyanya ndiyo msingi wa karibu kila kitu mji huu: ndengu, maharagwe, omena (dagaa), matumbo, minji. Mtu akilalamika mchuzi wake hauna ladha, usimuulize alitia kiungo gani, muulize nyanya zilikaa kwa moto muda gani. Ukiona mtu anamimina nusu pakiti ya kiungo, jua nyanya zake bado mbichi.

Haya, leteni zenu.

Jirani wa Kayole

Mayai umeyapa aya nzima na ugali umeuacha njiani. Ama ugali wako unajisonga?

Meko Sita

Ugali kila mtu anajua bana.

Mzee wa Gorogoro

Hapana kijana, si kila mtu. Nimeula ugali wa hawa mabachela. Ukiukata katikati unakuta unga mkavu umejificha mle ndani.

Nitaeleza mara moja tu. Vikombe viwili vya maji, yachemke kwelikweli. Nyunyiza unga kiganja kimoja, koroga, uache utokote kama uji mwepesi kwa dakika moja au mbili. Hatua hii ndiyo vijana mnairuka, na ndiyo inayozuia mabonge. Kisha ongeza unga kidogo kidogo, jumla kama kikombe kimoja na nusu, ukisonga. Kusonga si kukoroga: mwiko unaubana ugali ukutani mwa sufuria, unaukunja, unaubana tena. Ukianza kuachana na sufuria punguza moto, funika dakika tatu, geuza, funika tena. Pua ndiyo saa yako. Harufu ya unga mbichi ikiisha na ikaja harufu ya mahindi ya kuchoma kwa mbali, umeiva. Ukoko utakaobaki chini ni mali ya mpishi, na chai ya asubuhi inaupenda sana.

Kuhusu unga. Mimi hununua mahindi kwa gorogoro, nachagua, napeleka posho mill. Unga wa namna hiyo haujakobolewa, unataka maji zaidi kidogo na muda zaidi kwa moto. Usisage mwingi wa miezi, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga utaanza kuwa mchungu. Wa pakiti unakaa zaidi, na tangu 2012 sheria inataka uongezewe vitamini na madini, kwa hiyo sitamcheka anayeununua. Ila mwenye kununua mahindi afungue macho. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye unyevu, usizichukue hata za bure. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa kule Ukambani, wengi Makueni na Kitui, kwa mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata usonge ugali saa nzima.

Jirani wa Kayole

Heshima yako mzee. Sikutarajia uzi wa mayai utufikishe hapo, lakini tumeelewa.

Bedsita Namba Nane

Naomba msaada. Chakula changu cha kupoza roho ni githeri, mahindi na maharagwe, ile ya shosho (bibi), yenye viazi na karoti na mchuzi mzito. Shida ni gesi. Naweka asubuhi Jumamosi, mchana maharagwe bado yanagonga meno, na mtungi unaanza kukohoa. Nyinyi mnafanyaje?

Binti Kizingo

Pole ndugu yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi South B. Mama alipokuja kunitembelea alipika maharagwe kama afanyavyo nyumbani siku zote, akangoja, akangoja, mwisho akalaumu sufuria zangu na maji ya Nairobi. Alirudi Pwani akiwa bado anazilaumu.

Fundi Stima

Mwambie mama sufuria hazina kosa. Ni kimo cha mji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka yakifika kama digrii 94. Kwake Mombasa yanafika 100. Digrii sita zinaonekana chache lakini kwa maharagwe makavu ni tofauti ya muda mrefu.

Na sasa wewe wa bedsita nisikilize vizuri: kuongeza moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanageuka mvuke tu. Moto mkubwa unachoma gesi na kukulazimisha kuongeza maji. Yakianza kuchemka teremsha moto hadi yatokote polepole, mfuniko juu. Dawa kamili ni sufuria ya presha, maana mvuke ukizuiwa ndani maji yanapita digrii 110. Maharagwe yaliyolowekwa yanaiva humo kwa nusu saa hivi, kutegemea aina. Ukiweza kununua kitu kimoja tu cha jikoni mwaka huu, acha blenda, nunua hiyo.

Mama Watatu

Fundi ameeleza vizuri, lakini si kila mtu ana pesa ya sufuria ya presha, na wengine wanaiogopa ile sauti yake. Ngoja nieleze tunavyofanya sisi tusio nayo, na wenye watoto wasiosubiri.

Kwanza, umri wa maharagwe. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yanakuwa magumu na hayalainiki hata ufanyeje. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, na usione haya kutia moja mdomoni. Rosekoko na ya njano yanaiva upesi kuliko yale madogo mekundu, wairimu. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Mahindi makavu yanachelewa zaidi, kwa hiyo yatangulie kwa moto, maharagwe yafuate. Msimu wa mahindi mabichi ukifika sahau haya yote, githeri inaiva ukiwa bado unafua.

Pili, chumvi kidogo haina neno, lakini nyanya zisikaribie sufuria ile kabla maharagwe hayajalainika. Uchachu wa nyanya unayafanya yagome. Hata ndimu na ukwaju ni vivyo hivyo.

Tatu, kikapu. Nina kikapu kikubwa cha kiondo, ndani nimeshona tabaka nene la pamba na vitambaa vya zamani, na mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa nayachemsha kwa moto halisi nusu saa nzima, sufuria imefunikwa, kisha natoa motoni na kuzika kikapuni bila kufungua. Saa tatu nne baadaye yanakuwa karibu tayari, nayarudisha kwa moto hadi yachemke na kumalizika. Gesi niliyotumia ni ya nusu saa na ushee. Lakini hiyo nusu saa ya mwanzo usiipunguze. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo mchemko mkali unaiua, na joto la uvuguvugu peke yake haliiwezi. Mtu akiyatia kikapuni mabichi kwa maji ya moto, kesho yake nyumba nzima inatapika.

Nne, na hapa ndipo watu wanapotupa chakula: usikaange sufuria yote. Githeri iliyochemshwa tu inakaa. Ukishatia kitunguu, nyanya na viazi, kesho jioni imechacha, na wengi hatuna friji. Mimi nachemsha ya siku mbili tatu, kila asubuhi na jioni naichemsha tena vizuri, halafu nateka tu ya kula usiku ule. Hiyo ndiyo inaingia kwa rosti ya Meko Sita: kitunguu, nyanya hadi mafuta yatoke, karoti, halafu viazi vilivyokatwa vikubwa. Viazi vingi vinavyouzwa huku ni Shangi, vinaiva haraka na kupasuka, kwa hiyo vipe dakika kama kumi tu na maji kidogo, kisha githeri. Ponda viazi viwili vitatu kwa mwiko. Mchuzi mzito unaoukumbuka kwa shosho unatoka hapo, haukutoka kwa unga wala pakiti.

Kondoo Mkia

Maneno mengi. Tia magadi kijiko kimoja, saa moja umemaliza.

Mama Watatu

Na ule mchuzi wenye ladha ya sabuni utamlisha nani?

Kondoo Mkia

Kijiko cha chai, si mwiko. Kwetu tumekula hivyo tangu utotoni na tuko wazima.

Mzee wa Gorogoro

Magadi yanalainisha kweli, hata kwa mboga za kienyeji kama kunde na mrenda huwa natia punje chache. Lakini yanaharibu vitamini B1, na maharagwe ni mojawapo ya vyakula vinavyotupa vitamini hiyo. Kondoo, tumia ukiwa na haraka, usiyafanye desturi ya kila siku. Mama Watatu, msamehe.

Mama Watatu

Nimemsamehe. Githeri yake sitakula.

Binti Kizingo

Sasa niwaletee cha kwetu. Ndengu za nazi. Hazitaki kulowekwa usiku kucha, kama una haraka hata usiloweke, zinaiva haraka kuliko maharagwe hata kwa kimo hiki cha fundi. Nazi zipo Marikiti na masoko mengi ya mitaani, itikise usikie maji ndani, na uangalie yale macho yake matatu yasiwe na ukungu wala unyevu.

Ikune nazi kwa mbuzi ya kukunia, au saga kwa blenda ambayo fundi amekukataza kununua. Tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, fikicha kwa mkono, chuja: hilo ni tui zito, liweke kando. Rudia kwa maji mengine, hilo ni tui jepesi. Ndengu zikishaiva na maji yamekaribia kukauka, tia kitunguu kilichokatwa, nyanya moja, pilipili nzima isiyopasuliwa, bizari kidogo ya manjano, na tui jepesi. Hakuna kukaanga. Acha litokote hadi kitunguu kiyeyuke. Mwisho kabisa teremsha moto, mimina tui zito, na uwe unakoroga kwa upande mmoja polepole hadi liwe zito. Likichemka kwa fujo linakatika, utaona mafuta huku na maji kule. Chumvi ionje baada ya tui, si kabla, kwa sababu nazi ina utamu wake. Kula na wali, na kama una chapati ya jana, basi shukuru Mungu.

Kwa mbaazi ni namna hiyo hiyo, ila hizo loweka, na asubuhi yake tafuta mahamri.

Jirani wa Kayole

Hapa kwa kutokaanga dada yangu umenipoteza. Ndengu bila kitunguu cha kahawia?

Binti Kizingo

Jaribu kwanza kaka, halafu tuzozane. Nazi ndiyo mafuta yenyewe. Ukikaanga kitunguu na nyanya hadi vikolee kisha ukamwaga tui, vitu viwili vitagombana sufuriani na hutasikia ladha ya chochote.

Meko Sita

Nakubali kwa shingo upande. Kwa hivyo kwa nazi, nyanya yangu inakaa kando.

Tausi wa Umoja

Mbona hakuna aliyetaja omena? Kwa watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi, glasi moja ya omena na ugali wa mzee hapo juu inamaliza kazi.

Harufu ndiyo inayowashinda watu, na harufu hutokana na kuosha vibaya. Chagua mchanga na takataka, mwagia maji ya moto sana, suuza, rudia hadi maji yatoke meupe. Halafu zichuje na uziache zikauke kabisa. Omena mbichi mbichi ikiingia kwa mafuta inachemka, na hiyo ndiyo inafukuza majirani. Zikaange kwa mafuta machache hadi zilie ukizigeuza, zitoe. Tengeneza rosti, kitunguu kingi kuliko unavyodhani, hoho, na ukiwa na ndimu kamua nusu. Rudisha omena, funika dakika tatu tu. Ukizipika sana zinavunjika kuwa uji. Na majani ya kienyeji pembeni, managu hasa, uchungu wake unazifaa.

Dirisha wazi lakini. Siwezi kuwadanganya.

Bedsita Namba Nane

Dirisha langu linafungukia kwa kamba ya nguo ya jirani. Omena nitakula kwako.

Tausi wa Umoja

Karibu, beba ugali.

Jirani wa Kayole

Mimi wakati wa baridi sina haja ya sahani. Chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha na chumvi. Ila juzi juzi wifi yangu amekuja na tabia ya kutwanga tangawizi na kuitia kwa maziwa moja kwa moja, inatoka mabonge mabonge. Tunalaumu maziwa ya dukani. Ni maziwa kweli?

Fundi Stima

Maziwa mnayaonea. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji pamoja na majani dakika kadhaa, moto unakiua, ndipo utie maziwa. Haitakatika. Sukari weka unapotaka.

Jirani wa Kayole

Nitamwambia wifi kwa adabu. Au nimtumie tu uzi.

Mama Watatu

Mtumie uzi. Usiseme limetoka kwako, wifi ni wifi.

Bedsita Namba Nane

Nimesoma yote. Presha sina, kikapu sijui kushona, na leo ni Jumatano. Githeri ya leo nifanyeje?

Mama Watatu

Wapi unakaa? Karibu kila mtaa kuna mama anayechemsha githeri, maharagwe na ndengu kwa sufuria kubwa na kuuza kwa kikombe kuanzia saa kumi na moja hivi. Yeye gesi na makaa ni kazi yake, na anachemsha nyingi kwa moto mmoja, huwezi kushindana naye kwa meko. Beba bakuli lako lenye mfuniko, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na gazeti linavuja. Angalia mvuke. Kama githeri yake haitoi mvuke na iko nje tangu mchana, pita. Ukifika nyumbani ichemshe kwanza, halafu ndiyo ukaange.

Bedsita Namba Nane

Zimmerman. Kuna mmoja karibu na stendi, nilikuwa nampita kila siku nikidhani ni za hoteli.

Meko Sita

Huyo namjua, mchukue mapema, kufika saa moja unakuta amebakisha maharagwe peke yake. Chukua vikombe viwili, viazi vitatu vikubwa, karoti moja, nyanya nne. Na kitunguu usikiharakishe.

Bedsita Namba Nane

Saa hii ni kumi na mbili kasorobo. Natoka na bakuli.